Karl Marx na Wafasiri Wake

Mtu akiisha kufa maneno yake hubaki yatima. Yule awezaye kusema, "Sikukusudia hivyo," amelala kaburini, na walio hai huyachukua maneno kila mmoja kwa mkono wake. Sisi wa nchi hii ya Uwemba twalijua jambo hili katika mirathi. Baba amefariki, shamba lake liko penye mteremko uelekeao mtoni, na wanawe watatu wamesimama mbele ya wazee. Kila mmoja asema, "Baba aliniambia mimi." Huenda wote watatu wasema kweli, maana baba alizungumza na kila mmoja kwa siku yake, na huyu alimwambia akiwa na furaha, na yule akiwa mgonjwa. Wazee waweza kusikiliza mpaka jua kuchwa, lakini shamba ni moja, na mwisho wake mmoja atalilima na mwingine atalikosa.

Twataka leo kutazama ugomvi wa namna hiyo, ila marehemu ni mwanafalsafa Mjerumani, na shamba waliloligombania wafasiri wake lilikuwa nchi nzima, pamoja na vijiji vyetu ndani yake.

Karl Marx alizaliwa tarehe 5 Mei 1818 katika mji wa Trier. Mwaka 1841 alipata shahada ya udaktari katika chuo kikuu cha Jena kwa kuandika juu ya Wayunani wa kale, Democritus na Epicurus. Baadaye alifukuzwa nchi hata nchi, akamaliza maisha yake London katika madeni na maradhi, akafa tarehe 14 Machi 1883. Kitabu chake kikubwa juu ya mtaji, Das Kapital, alikitoa sehemu ya kwanza tu, mwaka 1867. Sehemu ya pili na ya tatu zilipangwa na rafiki yake Friedrich Engels katika makaratasi aliyoyaacha, zikapigwa chapa mwaka 1885 na 1894. Na maandiko ya ujana wake, aliyoyaandika Paris mwaka 1844, hayakutolewa yote mpaka 1932. Yafaa tulikumbuke hili. Watu waliopindua dola ya Urusi mwaka 1917 kwa jina lake hawakupata kuyaona maandiko hayo.

Alifundisha nini? Tuseme mtu ameajiriwa kuchuma chai kwa siku nzima. Tuseme tena kwamba chai aliyoichuma hata saa sita mchana yatosha kulipa chakula chake, nguo zake, na ada ya mtoto wake. Asiposimama hapo, akaendelea mpaka jioni, chai ya alasiri ni ya nani? Marx alijibu kwamba ni ya mwenye shamba, naye hakuilipa, ijapokuwa hakuiba wala hakuvunja mapatano. Mchumaji hakuuza chai, aliuza siku yake, na siku ya mtu huzaa zaidi ya bei yake. Hiyo ndiyo siri ya mtaji kukua, kwa mafundisho yake. Akaongeza kwamba mtu auzaye siku zake zote hugeuka mgeni kwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Kilichotoka mikononi mwake hakimtambui, wala yeye hakitambui.

Watu wa wilaya ya Njombe hawakuhitaji kitabu kuelewa neno hilo la pili. Babu zetu wengi walikwenda Tanga kukata katani. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandika wafanya kazi, ikaitwa SILABU, nayo ilichukua watu katika nyanda hizi za juu kusini. Walioandikwa waliitwa manamba, maana kila mtu alipewa namba. Mtu aliyetoka kwao ana jina la baba yake, na ukoo, na mlima aliozaliwa chini yake, alifika kule akawa namba. Mwanafalsafa aandika sura nzima kueleza jinsi mtu awavyo kitu, na Kiswahili kilikwisha kulieleza kwa neno moja tu.

Basi, tangu kufa kwake wafasiri hawakupatana. Wengine, kama Erich Fromm katika kitabu chake cha mwaka 1961, walisema kwamba Marx wa kweli ni yule kijana wa Paris aliyemlilia mtu apotezaye utu wake kazini. Wengine, kama Mfaransa Louis Althusser mwaka 1965, walisema sivyo, kijana yule alikuwa bado hajajipata, na Marx wa kweli ni mtu mzima aliyeacha kulia na kuanza kupima jamii kama mganga apimavyo damu. Na Engels amesimulia kwamba Marx mwenyewe, alipoona jinsi wafuasi fulani wa Ufaransa walivyomfasiri, alisema kwa kejeli kwamba kama hao ndio wafuasi wa Marx, basi yeye simo.

Hata neno lake juu ya dini, ambalo sisi Wakristo twalijua kuliko yote, lina ugomvi wake. Ni kweli kwamba mwaka 1844 aliilinganisha dini na kasumba, nasi hatuwezi kukubaliana naye. Walakini wengi walioirudia kauli hiyo, wafuasi na wapinzani, huyaacha maneno yaliyo karibu nayo, ambamo alikiri kwamba katika dini mna kilio cha kweli cha mwenye kuonewa. Twatamani kama watu wa Kanisa wangalikijibu kilio hicho mapema zaidi. Papa Leo XIII alitoa barua yake Rerum Novarum, juu ya hali ya wafanya kazi na haki ya ujira wa kutosha, mwaka 1891, yaani miaka 24 baada ya Das Kapital. (Na neno kasumba lenyewe limetembea. Katika Kiswahili cha leo mtu akisema "kasumba" aghalabu hafikiri dawa ile ya kulevya, wala dini, bali fikra za kutawaliwa zilizobaki kichwani.)

Tumegusa Kiswahili, na hapa twaomba ruhusa tukawie kidogo, maana wafasiri wa kwanza wa Marx katika nchi hii hawakuwa maprofesa, walikuwa ni maneno. Ilipotakiwa kutaja jambo lile la chai ya alasiri, watu walisema unyonyaji. Mnyonyaji ni nani? Ni mtoto mchanga kwa mama yake, wala hana kosa, lakini pia ni kupe juu ya ng'ombe. Ikasemwa kwamba mirija ikatwe, na kila aliyeona watu wameketi na mirija yao penye chungu cha pombe alielewa mara moja. Bepari alikuwa mfanyi biashara tu, neno lililoletwa na Wahindi. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alipotoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare aliita Mabepari wa Venisi, na hapo wafanyi biashara na wenye mtaji wakakaa ndani ya neno moja. Beberu ni mbuzi dume, akatoka zizini kuwa mtawala wa nchi za wenzake. Maneno haya yana nguvu kwa sababu yana picha. Lakini picha nayo hufasiri. Marx alisema kwamba mwenye mtaji huweza kuwa mtu mwema kabisa, mpole kwa jirani zake, na bado mpango wa mambo ukamfanya achukue jasho la mwingine. Kupe hana wema wala ubaya, hupondwa tu. Aliyefundishwa kumwona jirani yake kuwa kupe huona kazi iliyobaki ni ya kidole.

Sasa twafika kwa Mwalimu Nyerere. Yeye alikuwa Mkatoliki, alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, na baadaye Pugu, na hakuwa mfuasi wa Marx. Katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962 alisema kwamba usoshalisti wa Ulaya ulizaliwa na vita vya matabaka, lakini wetu sisi msingi wake ni jamaa, na hautaki kuanza na maadui. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na mwaka huohuo Ujamaa Vijijini. Na katika utangulizi wa kitabu chake cha mwaka 1968 aliwacheka wale wasoshalisti wanaobishana juu ya nini hasa Marx aliandika, kana kwamba vitabu vyake ni Maandiko Matakatifu.

Huko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mabishano hayo ndiyo yaliyokuwa yakiwaka. Issa Shivji, angali kijana, aliandika mwaka 1970 katika gazeti la wanafunzi lililoitwa Cheche kwamba mapambano ya matabaka yako hapa hapa, ila ni ya kimya. Gazeti lile likafungwa mwaka huohuo. Mwaka 1976 alitoa kitabu kizima, akasema kwamba maofisa wa serikali na mashirika wamekuwa tabaka jipya linalokula kwa jina la umma. Abdulrahman Babu wa Zanzibar, aliyekuwa waziri kisha akafungwa gerezani tangu 1972 mpaka 1978, alitoa kitabu mwaka 1981 akikanusha kwamba kuna usoshalisti wa Kiafrika; kwake, kanuni za Marx ni moja, Afrika na kwingineko. Msweden Goran Hyden aliandika mwaka 1980 kwamba wote wamekosea shabaha, kwa kuwa mkulima wa Tanzania hajashikwa na mwenye mtaji wala na serikali, bado anaishi kwa jamaa na majirani, na akisumbuliwa huwapa kisogo.

Lakini fasiri iliyotugusa sisi kuliko zote ni ya Walter Rodney, mwalimu aliyetoka Guyana. Mwaka 1972 aliuliza: Je, Ujamaa wa Nyerere na mafundisho ya Marx ni maadui kweli? Naye akatukumbusha Urusi. Wakulima wa Urusi katika karne ya 19 walikuwa na kijiji chao cha kale, ambamo ardhi ilikuwa ya wote na kugawanywa tena kila baada ya muda. Wafuasi wa Marx walisema kwamba kijiji hicho lazima kife, wakulima wawe vibarua, ndipo usoshalisti uje. Mwanamke mmoja Mrusi, Vera Zasulich, alimwandikia Marx mwaka 1881 kumwuliza kama ndivyo.

Tazameni mzee yule alivyofanya. Alikuwa mgonjwa, amebakiwa na miaka miwili tu. Aliandika jibu refu, akaliacha. Akaandika tena, akaacha. Baada ya kurasa nyingi za kufuta na kuanza upya alituma barua fupi tu. Alisema kwamba aliyoyaeleza katika Das Kapital yahusu nchi za Ulaya ya magharibi, na kwamba baada ya kuichunguza Urusi kwa makusudi ameona kijiji kile chaweza kuwa nguzo ya jamii mpya, kama kikiachwa kikue na kuondolewa yale yanayokisonga pande zote. Yaani yeye aliyetuhumiwa kujua mwendo wa historia yote alipoulizwa juu ya watu asiowajua vema alisitasita. Rasimu zake zilikaa gizani miaka mingi, zikachapwa baada ya mapinduzi. Wakati huo wafuasi wake walikwisha kuacha kusitasita.

Basi, tuje kwetu. Kabla Azimio halijaandikwa, kusini yetu, katika nchi ya Songea, watu waliunda kijiji cha Litowa, wakalima pamoja kwa hiari na kugawana mavuno, na vijiji zaidi ya kumi vikaungana nao katika Umoja wa Maendeleo wa Ruvuma. Mwalimu aliwasifu. Walikuwa wakifanya aliyoyasema, nao walijiamulia mambo yao wenyewe mkutanoni. Mwezi wa Septemba 1969 chama kikauvunja umoja ule na kuchukua mali yake. Kosa lao, kwa kadiri tuwezavyo kupima, lilikuwa kwamba ujamaa wao haukupitia mikononi mwa wafasiri.

Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, huko Isimani katika mkoa wa Iringa, ambao Njombe ilikuwa sehemu yake mpaka mwaka 2012, mkuu wa mkoa Dkt. Wilbert Klerruu alipigwa risasi na mkulima Saidi Mwamwindi, naye Mwamwindi akahukumiwa kunyongwa. Hatutaki kumfanya mwuaji shujaa, wala hatutaki kusahau kwamba marehemu aliamini anawaletea watu wema.

Kisha mwezi wa Novemba 1973 ilitolewa amri ya kwamba kuishi vijijini si hiari tena, na mwisho uwe 1976. Kwa hesabu za serikali watu zaidi ya milioni 10 walikuwa vijijini muda huo ulipotimia. Mzee mmoja wa upande wetu, tuliyekwenda kumwamkia "Kamwene" jioni moja ya baridi ya Julai, alitusimulia habari zake. Gari lilikuja, wakaambiwa washushe mapaa yao wenyewe. "Mwalimu," alisema, "mahindi yalikuwa bado shambani, na viazi bado ardhini. Yule kijana aliyetusomea karatasi alikuwa na adabu nzuri. Alitueleza vizuri kabisa kwa nini twafurahi." Tulicheka naye. Baadaye, tukirudi, neno lile halikutuchekesha tena.

Hapa ndipo swali letu lilipo. Wako wasemao kwamba mabaya yote yaliyotendwa kwa jina la usoshalisti ni ya Marx. Hawa hawajasoma barua ya 1881, wala hawakumbuki kwamba amri ya 1973 ilitolewa na mtu asiyekuwa mfuasi wake. Wako wengine wasemao kwamba Marx hana hatia yo yote, alifasiriwa vibaya tu. Hawa nao twawaona wanajirahisishia. Mtu akiandika kwa miaka 40 kwamba historia ina njia yake, na kwamba wachache wameijua, hawezi kushangaa hao wachache wakiwasukuma wengine njiani. Kusitasita kwake kwa mwisho kulikuwa kwema, lakini kulikaa kwenye rasimu.

Hata hivyo kisa chetu kinatupeleka mbali zaidi ya Marx. Tulianza kwa kusema kwamba maneno ni yatima kwa kuwa mwenyewe amekufa. Lakini Nyerere alikuwa hai! Katika mwaka 1968 aliandika kwamba watu hawaendelezwi, hujiendeleza wenyewe, na kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kusimama bila watu waliokitaka. Miaka mitano baadaye yeye mwenyewe aliamuru. Alieleza kwamba kuishi pamoja si sawa na kulima pamoja, na kwamba pasipo kijiji hapana shule wala maji wala zahanati, na katika hili la pili alikuwa na haki: wengi wetu tulisomea katika shule za vijiji vile. Walakini kwa mzee yule aliyeshusha paa lake tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno. Basi maneno yaweza kumponyoka hata mwenyewe angali akiyatamka, kama aliyepimwa kwa maneno hayo hakuulizwa.

Twaona, basi, kwamba kosa halikuanza pale wafasiri walipokosea maana ya kitabu. Hata fasiri iliyo sahihi kabisa, ikimpita juu ya kichwa mtu atakayebeba gharama yake, ni dhuluma. Maprofesa walibishana kama mkulima ni tabaka, au si tabaka, au ni tabaka lisilojijua. Mabishano hayo yalikuwa na elimu nyingi, na Shivji hasa aliona mambo ambayo wengi waliogopa kuyaona. Lakini watu wa Njombe katika miaka hiyohiyo walikuwa na fasiri yao. James Giblin, mwanahistoria aliyekaa na wazee wa nchi hii na kuwasikiliza, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 2005 jinsi watu waliotengwa na mambo ya serikali, tangu wakati wa ukoloni, walivyoifanya jamaa kuwa kimbilio: humo walisaidiana ada, wakapeana mashamba, wakatunzana. Mtu asome hapo, kisha arudi kusoma kijitabu cha 1962 kisemacho kwamba msingi wa ujamaa ni jamaa. Neno ni lile lile. Tofauti ni kwamba kwa wazee jamaa ilikuwa mahali pa kuikimbilia ili serikali isikufikie.

Wala sisi wa misheni tusijitoe. Wamisionari walioanzisha misheni hii walikuja na Injili na pia na saa, na kengele, na mpango wa kazi wa kila siku, na wengi kati yao walikuwa na hakika kwamba wanaujua wema wetu kuliko sisi. Mengi walikuwa na haki, maana hospitali na shule zinashuhudia. Lakini katekista wa zamani aliyefasiri mahubiri kutoka Kiswahili kwenda Kibena alikuwa na uwezo mkubwa kuliko padre alivyodhani: aliweza kupunguza, na kuongeza, na kuwatazama watu nyusoni akajua ni neno gani halijaingia. Yeye alifasiri akiwa amesimama mbele ya wahusika, nao wakitoka nje humwuliza. Ufasiri wa namna hiyo hukosea kama mwingine, ila hukosolewa siku ileile.

Siku hizi vijijini mwetu hakuna amri ya kuhama, wala hakuna anayetaja matabaka. Kuna parachichi. Watu wa mjini wananunua ardhi, wanapanda miti na parachichi, na kijana aliyeuza shamba la babu yake hurudi kulilima kwa kibarua. Analipwa, hakuibiwa, wala mapatano hayakuvunjwa. Tulimwuliza mmoja wao, mwanafunzi wetu wa zamani, aonaje. Alijifuta mikono, akatuamkia kwa heshima, kisha akasema, "Mwalimu, asubuhi sioni taabu. Ni mchana, baada ya kula, ndipo huwa nafikiri hii miti ni ya nani." Hajapata kumsikia Marx. Tukakaa naye kwenye ukingo wa shamba mpaka msimamizi alipomwita.